Anayepunguza mapema si mwoga

Mwishoni mwa Januari 2025 asasi mbili za hapa Tanga, zote zikihudumia watu wanaoishi na VVU majumbani kwao, zilipata barua za aina moja kutoka kwa shirika kubwa lililokuwa likizipitishia fedha za Marekani. Simamisheni kazi, msitumie fedha za mradi, subirini maelekezo. Asasi ya kwanza ilikuwa na wafanyakazi 7. Mkurugenzi wake, mama wa makamo aliyeanzia kazi hiyo kwenye kujitolea, aliita bodi ndani ya siku tatu. Wiki iliyofuata wanne wakapewa notisi, chumba kimoja cha ofisi kikarudishwa kwa mwenye nyumba, na Februari yote ikaishia kwenye kukabidhi wagonjwa zahanati moja baada ya nyingine. Asasi ya pili ilikuwa na wafanyakazi 9, ikaamua kusubiri. Mimi ni mjumbe wa bodi ya hiyo ya pili, na siku ile nilinyoosha mkono kuunga mkono kusubiri.

Yule mama aliitwa mwoga. Nimelisikia neno hilo Ngamiani kwenye baraza ya kahawa, nikalisikia tena kwenye kikao cha asasi za mkoa, likisemwa na watu wenye shahada. Eti kakimbia mvua kabla wingu halijatanda. Naandika kwa sababu naamini alionewa, na kwa sababu siku zijazo zitawaleta wakurugenzi wengi kwenye mlango ule ule.

Lakini waliosubiri nao wasikilizwe, maana hatukuwa wajinga. Amri ya kusitisha misaada ya nje, iliyosainiwa na Rais Trump Washington tarehe 20 Januari, ilizungumzia mapitio ya siku 90, na siku 90 zina mwisho wake. Mwanzoni mwa Februari ukatoka msamaha wa sehemu kwa huduma za kuokoa maisha, dawa za kufubaza virusi zikiwemo. Mpango wenyewe wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulianza mwaka 2003 chini ya George W. Bush na ukavuka marais wa vyama vyote viwili bila kuzimwa. Nani angeamini kwamba taa iliyowaka miaka 22 itazimika kwa barua? Zaidi ya hayo, mhudumu wa majumbani haokotwi barabarani. Tuna mmoja anayejua nyumba ipi agonge hodi moja kwa moja na ipi apitie kwanza kwenye genge la jirani, anunue nyanya mbili, aulize habari za watoto, ndipo aingie, ili mtaa usijue amekuja kufanya nini. Ujuzi huo hauandikwi kwenye tangazo la kazi. Ukimwachisha leo, fedha ikirudi Mei hutampata. Atakuwa Dar kwa dada yake au anauza vitumbua.

Zipo asasi zilizosubiri na kazi yao ikarudi. Kwa hizo, kusubiri kulilipa, na hakuna wa kuzibeza.

Sisi hatukuwamo. Tarehe 10 Machi Marco Rubio, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, mikataba kama 5,200. Wetu ulikuwa mmojawapo, chini kabisa ya ngazi, huko ambako hata jina la asasi halifiki Washington. Ilipofika tarehe 1 Julai, USAID yenyewe ikaacha kuendesha misaada na kazi iliyobaki ikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Hata fedha za kazi iliyokwisha kufanywa zilibidi zigombaniwe mahakamani: tarehe 5 Machi Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilikataa kuizuia amri ya kulipa karibu dola bilioni 2.

Ndipo nilipoelewa hesabu ambayo yule mama aliifanya mapema na sisi hatukuifanya. Ni hesabu ndogo, na nashangaa bado haifundishwi kwenye semina zetu zote za uandishi wa maandiko ya miradi.

Mfadhili anaweza kusitisha kazi siku ile ile barua inapofika. Asasi haiwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa mshahara wa mwezi notisi isiyopungua siku 28, au amlipe badala yake. Ukipunguza watu kwa sababu za uendeshaji, unadaiwa pia kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mpaka miaka 10. Mchukue mfanyakazi wetu aliyetumikia miaka 6. Siku 42 za kiinua mgongo, ongeza siku 28 za notisi, zinakuwa siku 70 za mshahara, likizo ambayo hakuichukua bado haijahesabiwa. Mfadhili amesimama kwa siku moja; asasi inadaiwa siku 70, kwa mtu mmoja. Sisi tulikuwa na tisa.

Hizo siku 70 hazianzi kukamilishwa mpaka utoe uamuzi. Ukisubiri, unaendelea kulipa pango, umeme, mlinzi na mishahara kutoka kwenye kile kidogo chako mwenyewe, na kidogo hicho ndicho kingelipa siku 70. Kila mwezi wa kusubiri unakula fedha ya kuagania. Mwishoni mwa Machi tulipokubali kwamba hakuna kitakachorudi, akaunti yetu ilitosha kulipa wafanyakazi wawili kwa haki. Saba waliondoka na barua za ahadi. Michango yao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya miezi miwili ilikuwa imekatwa kwenye karatasi ya mshahara, haijapelekwa. Wawili walikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na walikuwa na haki ya kwenda. Wale wanne wa yule mwoga walilipwa kila senti, wakapewa barua za utambulisho, na mmoja wao alipata kazi kwenye hospitali ya misheni kabla notisi haijaisha.

Sasa nipe jina lingine la kitendo hicho, kwa sababu woga siuoni.

Wapo watakaouliza: akiba ilikuwa wapi? Asasi iliyoishi kwa ruzuku miaka minane inakosaje mishahara ya miezi mitatu benki? Swali lina haki yake, na kuna asasi ambazo jibu lake ni magari, semina za hotelini na posho juu ya posho. Siwatetei. Ila kwa asasi ndogo zilizo nyingi jibu liko kwenye namna fedha inavyokuja. Ruzuku hutaja kila shilingi inakwenda wapi, na isiyotumika hurudi ilikotoka. Faida hairuhusiwi. Kwa gharama za uendeshaji, kanuni za Marekani ziliiruhusu asasi isiyo na kiwango chake maalumu kuhesabu asilimia 10 juu ya gharama za moja kwa moja. Ilikuwa Oktoba 2024 tu ndipo ikapandishwa hadi 15. Kwa ile 10, mradi wa shilingi milioni 100 kwa mwaka ulikuachia kama milioni 10, na humo atoke mhasibu, mkaguzi wa hesabu, pango, mlinzi, LUKU, intaneti na ada ya mwaka ya usajili. Akiba ya miezi mitatu inachotwa wapi hapo? Na asasi ndogo iliyo chini ya shirika kubwa mara nyingi huachiwa pungufu ya hapo. Kumlaumu mtu huyo kwa kukosa ghala ni kumlaumu mkulima kwa gunia ambalo hakulivuna.

Baharini kwetu kuna majira yanayoitwa tangambili. Kusi imeisha, kaskazi haijashika, upepo unageuka geuka hauna mwenyewe. Nahodha wa majira hayo hasemwi mwoga akiteremsha tanga kabla ya dhoruba, wala hasubiri mlingoti uvunjike ndipo akunje. Na tangambili hii ya fedha bado haijaisha. Mwezi ule ule wa Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba Uingereza itashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027, wakati mwaka 2021 ilikuwa imeshaishusha kutoka 0.7.

Wako wengine wenye dawa ya neno moja: mjitegemee. Hapa Tanga wana mfano mzuri wa kuonyesha, nao ni maziwa. Mradi wa ng'ombe wa wafugaji wadogo ulioanza miaka ya 1980 kwa fedha za Uholanzi ulizaa vyama vya ushirika, vyama vikazaa chama kikuu, na katika miaka ya 1990 kikapatikana kiwanda, Tanga Fresh, ambacho pakiti zake ziko madukani mpaka leo. Mfadhili aliondoka, ng'ombe wakabaki. Nauheshimu sana mfano huo. Lakini maziwa yana bei. Kumtembelea mzee aliyeacha dawa kwa aibu, ukakaa naye saa nzima mpaka akubali kurudi kliniki, hakuna anayekununulia. Ukimtoza nauli amefunga mlango. Asasi ya namna hiyo ikijenga ukumbi wa harusi ili ijilipe, baada ya miaka miwili itakuwa kampuni ya ukumbi wa harusi.

Na wanaosema halmashauri ichukue nafasi wakumbuke ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Imo ndani ya sheria, ni fedha yetu wenyewe, na bado Aprili 2023 ilisitishwa baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha madudu, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Sababu za kuisitisha zilikuwa za kweli. Hata hivyo kikundi kilichokuwa kimekodi banda na kuagiza vifaranga kwa kutegemea mkopo huo kilipata pigo lile lile. Serikali ya karibu nayo hubadilika.

Kuna somo la zamani zaidi, na liko ufukweni. Kuanzia 1994 hadi 2007 Ireland ilifadhili mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga, ukisimamiwa kwa ushauri wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye vijiji vya Muheza, Pangani na Tanga mjini. Vijiji vilitunga sheria ndogo, vikafunga baadhi ya miamba isivuliwe, vikafanya doria dhidi ya baruti. Miaka 13 ni muda wa kutosha kuagana. Fedha ilipoisha, yaliyokuwa mikononi mwa kamati, yaani sheria ndogo, ramani za miamba, mazoea ya kukaa kikao, yalikuwa na mahali pa kuishi. Yaliyotegemea petroli ya boti yalizimika na petroli, na milipuko ikasikika tena baharini miaka iliyofuata. Kwa hiyo ninapomtazama yule mama akitumia Februari nzima kukabidhi, naona mtu aliyehamisha kazi yake kutoka kwenye petroli kwenda mikononi mwa watu wakati bado ana nauli ya kuwafikia.

Sisemi kwamba kupunguza mapema hakuna gharama. Kati ya wale wanne, mmoja alikuwa mhudumu bora mkoani na sasa hayumo kabisa kwenye kazi hiyo. Kama mkataba ungerudi Aprili, yule mama angeonekana amebomoa nyumba nzima kwa kusikia mlio juu ya paa, na bado ningemtetea. Mishahara ya watu na siri za wagonjwa ni amana. Hazichezewi bahati nasibu hata ukishinda.

Watu wa pwani tuliwahi kuwa na jibu la akiba kabla ya wafadhili kuja. Mtu aliweka nyumba wakfu, nyumba haiuzwi, kodi yake inalipa mwalimu wa madrasa na mafuta ya taa ya msikiti. Asasi ikiwa na vyumba viwili tu vya kupangisha Makorora, kwa jina lake, vikiwa vya kulipia notisi na kiinua mgongo na si kitu kingine, itapokea barua ya mfadhili ikiwa imeketi. Wenye mali wa mji huu wangeweza kuombwa hicho, na kuombwa kwa uwazi: tunataka fedha ya kuagana kwa heshima.

Agosti nilikwenda kwenye zahanati moja upande wa Pongwe. Muuguzi alitoa kwenye droo daftari la kaunta lenye jalada la karatasi ya kaki. Hakunifungulia majina, na alifanya vyema. Alinionyesha kichwa cha safu tu. Namba. Simu. Siku ya dawa. Alama ya nyumba. Na safu ya mwisho, iliyoandikwa kwa mkono wa yule mama: "Nani nyumbani anajua." Chini ya kila ukurasa sahihi mbili, ya aliyekabidhi na ya aliyepokea, zote za Februari.

Daftari letu sisi lilikuwa kabatini ofisini, na ofisi ilikuwa na kufuli la mwenye nyumba tangu Aprili kwa deni la pango. Wajumbe wa bodi tulichanga, tukalipa, tukafungua mwezi Juni. Simu nyingi zilikuwa hazipatikani tena. Yule mhudumu wetu wa nyanya mbili, ambaye hatujamaliza kumlipa, alilichukua lile daftari, akaanza ukurasa wa kwanza kwa miguu.