Fulana mpya, taka zilezile

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa Coco Beach hapa Dar nikakuta madogo kama arobaini hivi, fulana za kijani zinafanana, glavu mkononi, spika inapiga muziki, wanaokota chupa na mabaki ya mihogo. Kazi walichapa kweli, sio utani, mpaka saa nne viroba vimejaa vimepangwa mstari. Picha zikapigwa, klipu zikapanda mtandaoni. Jumanne napita tena, viroba vipo palepale, vingine kunguru wameshavitoboa.

Kuna watu wakiona hivi wanasema ni maigizo tu, vijana wanatafuta laiki. Mi siendi huko moja kwa moja. Greta Thunberg Agosti 2018 alikuwa binti wa miaka 15 kakaa peke yake na bango la kutetea tabianchi nje ya bunge la Sweden, ile picha isingesambaa nani angemjua? Na Januari 2019 Vanessa Nakate akaanza kusimama na mabango yake barabarani Kampala, hapo jirani tu, kwa hiyo kamera sio dhambi. Halafu hamasa inaingia kweli kwa watoto, nina mpwa wangu yupo klabu ya mazingira shuleni, ukitupa ganda la karanga dirishani kwenye daladala anakukodolea macho mpaka unaona aibu, mtu mzima mzima.

Ila sasa taka nyingi zinazofika baharini hazitupwi ufukweni. Mto Msimbazi unatokea huko milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, unamwaga pale darajani Salenda, na kila kilichotupwa njiani unakuja nacho. Kaa bondeni huko msimu wa masika, mvua ikichanganya usiku utasikia mlango wa jirani unafunguliwa taratibu, ndoo inamwagwa mtaroni, mlango unafungwa. Sio kwamba hajui madhara, maji yakijaa yanaanza kuingia kwake! Ila vichochoro vile gari la taka halipiti, na ndani ana watoto na uozo wa wiki nzima, sasa huyu unampa hamasa gani?

Angalia rambo, ile mifuko ya plastiki. Tulihubiriwa miaka, hakuna aliyeacha, ikaja marufuku tarehe 1 Juni 2019 na ndani ya muda mfupi rambo zikapotea madukani. Sheria ilifanya ambacho semina hazikufanya, hilo lazima tukubali. Japo nayo haikutosha maana vile vifungashio laini vikaanza kubebea nyanya na dagaa kama vile hakuna kilichotokea, na muuza genge ukimwambia anacheka tu.

Mtu aliyenielewesha hii habari ni Wangari Maathai. Alipoanzisha harakati za kupanda miti Kenya mwaka 1977 alikuwa na miaka 37, wala sio dogo, na kinamama walikuwa wanapewa kahela kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopona, sio uliopandwa. Huku kwetu tunahesabu iliyopandwa, mgeni rasmi anamwagilia mbele ya kamera, akishaondoka na ndoo inaondoka, mbuzi wanamalizia. Kwa hiyo mi tatizo langu na hawa madogo sio picha, ni kwamba hakuna anayewauliza kesho yake viroba vimeenda wapi, gari la kwenda dampo la Pugu nani kalipia.

Na wapo vijana ambao hiyo kazi wanaifanya kila siku, waokota makopo, alfajiri wanapita na kiroba mgongoni wanatafuta chupa za kuuza kwa kilo, sisi tunawaita mateja. Ile Jumanne mmoja alikuwepo, anafungua viroba anachambua chupa zake. Nikamuuliza Jumamosi hakuwaona wenzake? Akasema nilikuwepo broo, nikaanza kuwasaidia kabisa, ila wakaniambia nikae pembeni kwanza wamalize kupiga picha.