Fundi wa Mimbari Naye ni Mtumishi

Katika sharika nyingi za Moshi, mwinjilisti anaitwa mtumishi, mwalimu wa kwaya anaitwa mtumishi, na aliyechonga mimbari anaitwa fundi. Wapo wanaoona hiyo ni sawa. Karama ni mambo ya Roho, wanasema. Randa na patasi ni riziki, na hata asiyemjua Mungu hutengeneza benchi lisiloyumba.

Hoja hiyo ina uzito. Katika 1 Wakorintho 12:8-10 Paulo anataja karama tisa, na useremala haumo. Yeye mwenyewe alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila ili apate kula, wala hakuuita ushonaji ule karama.

Ila hapa kwetu mtu akisikia "kujazwa Roho" anafikiria mkesha na kunena kwa lugha, na hapo ndipo tunaposoma nusu ya Biblia. Fungua Kutoka 28:3. Watu wa kwanza kuambiwa wamejazwa roho, roho ya hekima, ni washonaji wa mavazi ya Haruni. Kuhani hajavaa bado, na mafundi wake wameshajazwa. Sura ya 31 inamleta Bezaleli, mchonga mbao na mfua dhahabu, naye anajazwa roho ya Mungu mwenyewe kwa ajili ya kazi ya mikono. Hakupewa ujumbe wa kuhubiri. Kazi yenyewe ndiyo aliyoitiwa, tena kwa jina lake.

Kuna jambo jingine katika habari hiyo ambalo sichoki kulirudia. Dhahabu ya hema ya ibada waliyokuwa wakiijenga ilikuwa talanta 29 na shekeli 730, karibu tani moja kwa vipimo vya leo. Matoleo yale mafundi ndio waliokabidhiwa na Musa. Watu wakaendelea kuleta kila asubuhi, mpaka mafundi wenyewe wakaacha kazi wakaenda kumwambia Musa: vimezidi mahitaji. Musa akapiga marufuku kuleta zaidi. Aliyewahi kujenga nyumba mitaa ya kwetu, Majengo ya Moshi au Unga Limited ya Arusha, anajua thamani ya fundi anayesema saruji imetosha, na misumari iliyobaki akairudisha. Tukiuita uaminifu huo riziki tu, sijui tunda la Roho tutalitafuta wapi.

Hofu ninayoiheshimu zaidi inatoka kwa mafundi wenyewe. Kazi ikishaitwa huduma, bei inakatwa: "Fundi, si unamfanyia Mungu?" Mwenye watoto wa kulipia ada anamaliza madhabahu kwa soda na shukrani za kwenye matangazo. Ni dhuluma hiyo, na haitokani na Biblia. Mfalme Yoashi alipotengeneza hekalu, maseremala na waashi walilipwa kwa fedha zilizoletwa nyumbani mwa Bwana (2 Wafalme 12). Hata neno la mtenda kazi kustahili ujira wake, Luka 10:7, waliambiwa wahubiri. Mchungaji anapokea mshahara na wito wake haupungui. Kwa fundi upunguzwe na nini?

Na Bezaleli hakupewa ustadi peke yake. Kutoka 35:34 inasema yeye na Oholiabu, fundi mwenzake, walitiwa moyoni uwezo wa kufundisha. Wafua chuma wa Mamba, kule karibu na Marangu, wanaijua hiyo tangu kale: kijana hukaa karibu na moto wa baba yake hadi mkono uzoee nyundo. Pale Usa River Kanisa la Kilutheri lina kituo ambako vijana wenye ulemavu hujifunza ufundi. Usharika unaowaombea walimu wa shule ya Jumapili mbele ya madhabahu unaweza siku hiyo hiyo kumwita mbele fundi seremala, pamoja na vijana wawili wanaojifunza kwake, na kuwaombea kwa majina yao. Kisha mhazini amlipe kiasi walichopatana.