Mzee akikataa kusaidiwa, afisa ustawi afanyeje?

Wanavijiji wa Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, wanaijua hali hii: mzee anaishi peke yake kwenye tembe lililoanza kubomoka, kula kwake ni kwa kubahatisha, haogi, kidonda cha mguu kinanuka, na akiambiwa habari za zahanati anajibu, "Niacheni nife kwangu." Jirani anamweleza mtendaji wa kijiji, mtendaji anampigia simu afisa ustawi wa jamii. Hapo ndipo watu wanapogawanyika.

Wapo wanaotaka achukuliwe hata kwa nguvu, atibiwe, ikibidi apelekwe kwenye makazi ya wazee kama Sukamahela kule Manyoni. Hoja hiyo ina uzito. Kidonda hakingoji mjadala uishe, na aliyeacha kula huenda si mkaidi bali mgonjwa: ana sonona, ana ugonjwa wa kusahau, au tangu azike mwenzake hajaona sababu ya kuwasha moto. Kumwacha eti tunaheshimu uamuzi wake kunaweza kuwa ni kumtelekeza kwa adabu.

Wengine wanasema uzee haumwondolei mtu haki ya kujiamulia. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua inatamka kwamba uamuzi usio wa busara, peke yake, hauthibitishi kuwa mtu hawezi kuamua.

Mimi naegemea upande huu, ila kwa sharti: sababu ya kukataa ijulikane kwanza. Bibi anayekataa kupanda gari la halmashauri huenda anahofia kwamba akiondoka tu, shamba litauzwa. Babu anayekataa hospitali huenda safari iliyopita aliambiwa matibabu ya wazee wasiojiweza ni bure, kisha akatumwa kununua dawa nje. Na mgambo wakionekana mlangoni kwa bibi mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni tu, minong'ono ya uchawi inaweza kuanza kabla jua halijazama. Ukimbeba mtu wa namna hiyo, umemwongezea hofu na sababu yake umeiacha palepale.

Mambo hayo hayasemwi siku ya kwanza, tena kwa mgeni asiyejua Kigogo, lugha ya huko. Yanatoka ziara ya tatu au ya nne, mara nyingine kwa mpwa, mchungaji au mhudumu wa afya wa kijijini anayeaminika. Nguvu naikubali pale tu uhai unapokatika, au daktari anapothibitisha kuwa akili haiwezi tena kupima hatari.

Tatizo ni kwamba kumbeba mzee ni kazi ya siku moja, kumrudia ni kazi ya miezi, na afisa mwenye kata nyingi asiye na usafiri atachagua ile ya siku moja. Halmashauri inayotaka wazee wake waheshimiwe ianze kwa kutenga mafuta ya pikipiki ya afisa huyo.