Uvimbe wa ubongo Kanda ya Ziwa: apasuliwe Mwanza au apewe rufaa ya Dar?

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema au Geita anafika Mwanza bila kusubiri kivuko. Wa Ukerewe bado anategemea meli. Ugumu unaanza akishafika Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Anaona vitu mbilimbili, anatapika kila asubuhi, mkono mmoja umeisha nguvu, na picha ya kichwa inaonyesha kitu. Kama ni uvimbe adimu, au mshipa wa damu uliotuna ndani ya ubongo, atibiwe hapa hapa au apelekwe MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000?

Wanaotaka atibiwe hapa wana hoja nzito. Bugando imekuwepo tangu 1971, ina chuo cha udaktari jirani na tiba ya mionzi kwa wenye saratani. Tena kuna magonjwa yasiyosubiri safari. Mshipa uliotuna ukishapasuka, hatari ya kuvuja damu tena ni kubwa zaidi ndani ya saa 24 za kwanza. Mgonjwa huyo hafai kupandishwa basi, na familia nyingi hazina nauli ya ndege. Rufaa ya Dar ni ya watu wawili au watatu: mgonjwa, ndugu wa kumuuguza, mahali pa kulala, chakula cha wiki kadhaa. Nyavu na mtumbwi huuzwa kabla ya upasuaji wenyewe kuanza.

Upande wa pili nao haubishani bure. Hospitali zinazotibu mishipa ya aina hii kwa wingi hupoteza wagonjwa wachache kuliko zinazoitibu mara moja moja. Mashine inaweza kununuliwa kwa bajeti ya mwaka mmoja, lakini mkono uliozoea huchukua miaka. Na si kila kinachoonekana kwenye picha kinahitaji kisu. Utafiti wa ARUBA, uliochapishwa 2014, ulifuatilia watu wenye mafundo ya mishipa ya ubongo, yaani mishipa iliyojisokota pamoja isivyo kawaida, ambayo hayajapasuka. Katika muda wa chini kidogo ya miaka mitatu, kiharusi au kifo kiliwapata takriban 10 kati ya kila 100 walioachwa kwa dawa tu, na takriban 31 kati ya kila 100 waliotibiwa mafundo yenyewe. Wapo mabingwa waliolalamika kwamba muda ule ulikuwa mfupi mno, na lalamiko lao lina mashiko, kwa sababu fundo la mishipa hukaa na mtu maisha yote. Hata hivyo, matokeo yale yanaonyesha kuwa kuamua kutopasua ni kazi ya bingwa, sawa na kupasua.

Mimi naona mjadala wa kisu umetufanya tusahau utambuzi. Katika ukanda wetu, uvimbe kwenye picha unaweza kuwa kifua kikuu kilichojificha kwenye ubongo, au toksoplazma, maambukizi ya kimelea, kwa mwenye VVU. Hata kichocho cha ziwani, mara chache, hushambulia uti wa mgongo au ubongo na kujifanya uvimbe. Hayo yote yana dawa. Kumsafirisha mtu hadi Dar akapasuliwe kumbe alihitaji vidonge ni ukatili, na kumwambia ana saratani arudi nyumbani kusubiri ni ukatili zaidi. Na saratani zenyewe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unazipanga kwa kutazama pia vinasaba, si umbo la seli peke yake. Kipimo hicho kinaweza kufanyika mbali. Kinachosafiri kiwe sampuli na picha, huku mgonjwa akibaki wodini Mwanza hadi jina la ugonjwa wake lijulikane.

Anayesema ubobezi ni wa jiji kuu tu, aitazame Mbale, mashariki mwa Uganda. Huko, miaka ya 2000, Benjamin Warf, daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, aliendeleza njia ya kutibu watoto wenye vichwa maji kwa kamera nyembamba bila kuwawekea mpira wa kutoa maji kichwani, na baadaye akaendelea na kazi hiyo Boston. Mbale ilifanikiwa kwa sababu watoto wale walikuwa wengi mahali pamoja. Kwa hiyo mfano huu unazisaidia pande zote mbili: ubobezi huota palipo na wagonjwa, popote pawe.

Mwanza ina wagonjwa wake. Sikoseli imeenea kanda hii, na huziba mishipa ya ubongo wa mtoto hadi akapata kiharusi. Bugando, kupitia SPHERE, mradi wa kuzuia kiharusi kwa wenye sikoseli, watoto wamepimwa kasi ya damu kichwani kwa mawimbi ya sauti, na walio hatarini wakapewa haidroksiurea, dawa ya sikoseli. Hapo ndipo ningeweka fedha kwanza, pamoja na vichwa maji na majeruhi wa bodaboda. Wenye mishipa iliyotuna na wenye mafundo ya mishipa waendelee kwenda Dar, ila kwa ndege inayolipiwa, na ambaye mshipa wake uliotuna umepasuka awe ameshaanzishiwa Mwanza nimodipini, dawa ya kupunguza madhara ya ubongo kukosa damu baada ya mshipa kuvuja. Dawa hiyo humezwa kila baada ya saa nne kwa siku 21.

Na akirudi, arudi na nakala ya picha zake, maelezo ya upasuaji, na jina la daktari wa Bugando atakayeendelea kumwandikia dawa, zikiwemo za kifafa akizihitaji.