Familia Yote

Kwetu kuchonga ni urithi. Baba yake babu alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji na tezo begani, babu akaipokea, baba akaipokea, mimi nikapewa msasa. Ukiwa mdogo kwenye ukoo wa wachongaji kazi yako ni kusugua na kubeba, na mpingo ukishaubeba hushangai tena kuambiwa kwamba ukitupwa majini unazama.

Msimu mmoja korosho zililipa vizuri, akaja karakana kwetu Mikindani tajiri mmoja aliyekuwa amemaliza nyumba Mtwara mjini. Jina lake nalihifadhi, ana matatizo ya kutosha. Alitaka kinyago cha ujamaa cha sebuleni, ukoo mzima umepandana kwenye gogo moja. "Mzee, nichongee familia yangu yote," akasema, akaacha nusu ya hela pamoja na picha za mama yake, mkewe na watoto wao wanne.

Babu hachori kwanza. Huligeuza gogo weee, analigonga kwa kidole, analisikiliza, ndipo anashika tezo. Ule weupe wa nje ukishatoka na kiini cheusi kikaanza kuchungulia, hasemeshwi. Hata ugali anawekewa pembeni kimyakimya.

Kazi ilipofika nusu, tajiri akapita kukagua. Garini alikuwamo dada mmoja mwenye mwanya, kilemba kirefu, na mtoto mapajani anayemwita tajiri "baba". Babu akawaangalia kwa lile jicho lake la kupimia magogo. Gari lilipoondoka, akageuza upande ambao haujaguswa.

"Nafasi ipo," akasema.

"Babu, hao hawamo kwenye picha."

"Kasema yote. Wewe sugua."

Siku ya dua ya kuingia nyumba tukakipakia kwenye bajaji, dereva akilalamika njia nzima kwamba tulimwambia kinyago, tukampakiza jiwe. Tulifika watu wanamalizia pilau. Bahati nzuri shehe alishaondoka, la sivyo zingekuwa kesi mbili.

Kitenge kikafunuliwa, vigelegele vikapasuka. Bi mkubwa akasogea, akawa anagusa mmoja mmoja. "Huyu mama mkwe. Huyu mimi." Hapo akaguna, maana babu ni mtu wa zamani, mwanamke wa heshima kwake lazima awe na ndonya, kile kipini cha kutoga kwenye mdomo wa juu. Akavumilia, akaendelea na wanawe. Kidole kikatua kwenye mwanya, kikaganda.

"Na huyu?"

Tajiri akakohoa. "Hilo pambo tu."

"Pambo limebeba mtoto? Mtoto ana masikio yako?"

Sebule nzima ikawa inasikiliza feni. Bi mkubwa akamgeukia babu. "Shikamoo, mzee. Huyu ni nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nachonga ninachokiona. Huyu nilimwona."

Tajiri akamvuta babu hadi barazani, jasho linamchuruzika. "Mzee, mng'oe. Nitakuongezea hela."

Babu hakuelewa kwamba nyumba inaungua. Yeye aliona kaulizwa swali la kifundi, akajibu kifundi: hapa hakuna msumari wala gundi, ni gogo moja toka chini hadi juu. "Mama yako kakalia bega la huyu mwenye mwanya. Wewe umesimama juu ya mama yako. Nikimtoa huyu, mnadondoka wote."

Dirisha lilikuwa wazi. Wifi mmoja alicheka mpaka akapaliwa na soda.

Nusu ya hela iliyobaki alitulipa bi mkubwa mwenyewe, noti kwa noti, mbele ya wageni, akaagiza kinyago kisiondolewe hapo sebuleni hata kwa dawa. Babu akaomba afungiwe pilau, tukaondoka.

Haikupita wiki, bi mkubwa huyo karakana, kaja na wanawe wote wanne. Anataka kinyago kingine: yeye na watoto wake tu, na safari hii bila ndonya.

Babu akakuna kidevu. "Na baba yao nisimchonge?"

"Mchonge. Muweke chini kabisa, atubebe wote."

Babu akatutazama, akahesabu vichwa, akaniambia nikalete lile gogo nene la nyuma ya choo. Kisha akamgeukia mama wa watu, akadai nusu ya hela kwanza.