Yai la Shule na Ahimsa

Kila jimbo la India linapotaka kuweka yai kwenye mlo wa mchana wa shule, pingamizi la kwanza ni la dini: Uhindu unafundisha ahimsa, kutodhuru kiumbe, kwa hiyo yai lisiingie jikoni. Naiheshimu ahimsa, na kwa sababu hiyo hiyo nasema hapa haitumiki ipasavyo. Ni nadhiri ya mtu juu ya kinywa chake. Ukimnyima yai mtoto wa mkulima asiye na ardhi, wewe hujajinyima kitu.

Wala Wahindu hawali sawa. Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, anakula samaki huko Bengal; Pandit, yaani Brahmini wa Kashmir, anapika nyama ya kondoo sikukuu ya mungu Shiva; na wengi wa Gujarat hawagusi hata yai. Kitabu kitakatifu cha Bhagavad Gita, sura ya 17 aya ya 8, kinapoeleza chakula cha sattva, yaani cha usafi na utulivu wa nafsi, kinataja kile kinachozidisha uhai, nguvu na afya. Taittiriya Upanishad, andiko jingine la kale la Wahindu, inaagiza chakula kisidharauliwe, na hilo nalo inaliita nadhiri.

Tangu Novemba 2001, Mahakama ya Juu ilipoamuru shule za msingi za serikali zitoe chakula kilichopikwa, ugomvi umehamia kwenye kilichomo sahanini. Mwongozo wa taifa unampa mtoto wa darasa la 1 hadi la 5 gramu 100 za nafaka, 20 za dengu, 50 za mboga na 5 za mafuta, apate kalori 450 na protini gramu 12. Kwenye karatasi inatosha. Ila dengu huongezwa maji, na mkaguzi akifika hawezi kuzipima gramu 20 ndani ya sufuria inayochemka. Maziwa ni hivyo hivyo: mwaka 2019, katika shule moja ya Sonbhadra, Uttar Pradesh, lita 1 ilichanganywa na ndoo ya maji wakanywa watoto zaidi ya 80.

Yai halichakachuliki. Walaji 60, mayai 60, hata mtoto anaweza kuhesabu. Kila moja lina protini gramu 6 hivi, pamoja na vitamini B12 ambayo nafaka na dengu hazina. Tamil Nadu, jimbo la mahekalu makubwa, linatoa yai siku za shule, na asiyekula hupewa ndizi.

Hapo kwenye ndizi nina ugomvi. Ina protini gramu 1 tu, kwa hiyo mtoto anayeshika mila ya kwao ndiye anayepunjwa. Apewe gramu 25 za karanga, zinazokaribia yai kwa protini, na kikombe cha maziwa kwa ajili ya B12, yakorogwe mbele ya walimu.

Mzazi achague mwanzoni mwa muhula, kwa maandishi. Mayai yawe na sufuria yake na mwiko wake, maana familia nyingi zinachukia kuchanganya vyombo kuliko yai lenyewe. Yatumbukizwe kwanza kwenye maji baridi, linaloelea litupwe, kisha yachemke dakika 10 hadi 12. Pale chakula kinapoletwa na gari kutoka jiko kuu, yachemshwe shuleni na kumenywa wakati wa kugawa, kwa sababu yai lililomenywa alfajiri huharibika njiani kwa joto.

Na watoto wasitenganishwe safu. Shule za India zina historia chungu ya kukalisha watoto kwa tabaka, na safu ya wala mayai itaifufua haraka sana. Wote wakae pamoja na wali na dengu zile zile, yai au karanga vifuate mwishoni, kila mtoto akiletewa alipo.