Mlevi apelekwe kituoni, au atibiwe karibu na nyumbani?

Familia nyingi za Magharibi mwa Kenya zikishachoshwa na ulevi wa mtu wao huishia kwenye uamuzi mmoja. Kikao kinaitwa, wajomba wanachanga, kipande cha shamba kinakodishwa, na mgonjwa anapelekwa kituo cha kurekebisha tabia kwa miezi mitatu. Vituo vingi vya kibinafsi hutoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi. Uamuzi huo nauheshimu, maana unatoka kwa watu wanaompenda mgonjwa. Hata hivyo, utafiti uliofanyiwa jirani zetu, Eldoret, unatulazimu kuuliza kama fedha hizo zinakwenda panapofaa.

Kwanza tutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kuwa Wakenya milioni 3.2 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanakunywa pombe. Magharibi iliongoza nchi nzima: takriban asilimia 24 ya watu wa umri huo wanakunywa. Si wote hao waraibu, lakini hata sehemu ndogo yao ingejaza kila kitanda cha kila kituo kuanzia Busia hadi Kakamega na bado foleni ingebaki nje.

Huko Eldoret, timu ya watafiti iliyoongozwa na Rebecca Papas ilishirikiana na AMPATH, mpango wa kuwahudumia wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye makao katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Walichukua tiba ya mazungumzo inayomsaidia mnywaji kutambua kinachomsukuma kwenye pombe na kujizoeza kukabiliana nacho kwa njia nyingine, wakaitengeneza upya ifae mazingira ya huku. Ni vikao sita, kimoja kwa wiki, katika kikundi, kwa Kiswahili. Na walioviendesha hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, bali washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo ya jaribio la kwanza yalichapishwa mwaka 2011. Lilikuwa na wagonjwa 75 wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Baada ya siku 90, asilimia 69 ya waliopitia vikao waliripoti kuwa wameacha kunywa, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Jaribio kubwa zaidi likafuata, la watu 614, na safari hii kundi la pili nalo lilipewa mafunzo, ya kuishi kwa afya. Waliopata tiba bado walipunguza pombe zaidi.

Matokeo haya yananipa moyo sana, na ndiyo maana sitaki yatiwe chumvi. Washiriki walikuwa tayari wamezoea kwenda kliniki kila mara kuchukua dawa. Kijana wa Bungoma asiyekanyaga zahanati mwaka mzima hatafuata kikundi kwa urahisi huo. Tena, matokeo yanategemea sana maelezo ya mnywaji mwenyewe, na mtu anayemheshimu mshauri wake huona haya kukiri kwamba jana alilewa.

Wanaotetea vituo wana hoja nzito zaidi ya hizo. Mtu aliyekunywa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kila siku kwa miaka mingi, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata mishtuko ya kifafa na hata kufa. Huyo anahitaji uangalizi wa daktari na dawa katika siku za mwanzo, wala kikundi cha kijijini hakimtoshi. (Anayemfungia mlevi chumbani “mpaka akili imrudie” anahatarisha maisha yake.) Kuna pia pumziko la mke na watoto waliopigwa na kunyimwa usingizi. Miezi mitatu ya utulivu nyumbani si jambo dogo, na watafiti huisahau faida hiyo kwa sababu wanampima mnywaji peke yake.

Tatizo linaanza mwezi wa nne. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa takriban nusu ya hatari ya uraibu wa pombe ni ya kurithi. Inayobaki inatokana na mazingira. Nguvu ya mazingira ilionekana wazi kwa askari wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini huko Vietnam. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia baada ya vita, akakuta kwamba waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani ni wachache mno. Watetezi wa vituo huutumia mfano huu kusema: mwondoe mtu alipo, atapona. Mimi nausoma kinyume. Askari wale walikwenda kuishi pengine, moja kwa moja. Mtu wetu anatoka kituoni na kurudi palepale ulevi ulipomkuta, kwa mama pima yuleyule anayemuuzia pombe, bila kibarua, na marafiki wanamsubiri njiani. Kwake yeye, kurudi nyumbani ndiko kurudi Vietnam.

Kwa hiyo nauunga mkono upande wa kijijini, kwa sharti kwamba mlango wa hospitali uwe wazi kwa wale ambao kuacha ghafla kutawadhuru. Vitendea kazi vipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltrexone na acamprosate, dawa zinazosaidia mtu kujizuia asirudie pombe, katika orodha ya dawa muhimu. Mwaka huohuo serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaotembea boma kwa boma. Wengi wao wanamjua kila mlevi wa kijiji kwa jina na wanajua lini hali yake ilianza kuharibika. Kaunti moja tu, iwe Vihiga au Kakamega, ingeweza kuwafunza baadhi yao kuendesha vikao kama vya Eldoret na kupima matokeo kwa wanywaji wasiohudhuria kliniki yoyote, hasa wanaume wa umri wa kufanya kazi.

Kwa familia inayochanga sasa hivi, kuna swali la kumuuliza mwenye kituo kabla ya kulipa: akishatoka, nani atakuwa akimwona kila wiki, na wapi? Kama hana jibu, sehemu ya fedha hizo ibaki nyumbani, imlipie nauli ya kwenda kwa mshauri mwaka mzima.